Miezi Saba na Kitambaa Cheusi

Kazi yangu ya kwanza kwenye filamu ilikuwa kushika kitambaa cheusi. Kilikuwa kipana kama shuka, kimebanwa kwenye fremu ya mbao, nami nilisimama nacho pembeni ya uso wa mwigizaji, nje kidogo ya mpaka wa picha. Siku mbili za mwanzo niliamini nimepewa kazi hiyo kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Wenzangu walibeba taa, nyaya na stendi. Mimi nilibeba kitu kisichowaka.

Siku ya tatu tulipiga sini ya mwanamke anayesoma barua. Dirisha lilikuwa kushoto kwake na mwanga wa asubuhi ulikuwa ukiingia vizuri, laini, bila makali. Tatizo lilikuwa ukuta wa kulia. Ulikuwa mweupe, na mwanga ulioingia dirishani uliupiga ukuta huo na kurudi kwenye shavu la pili la mwigizaji, hata uso wote ukajaa mwanga sawasawa. Kwenye skrini ya mwongozaji alionekana mtu anasoma barua, basi. Fundi wa taa, mzee asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Sogea hatua moja." Nikasogea. "Nyingine, kijana." Nikasogea mpaka kitambaa kikawa kama sentimita 40 kutoka sikioni mwa dada yule. Kwa pembe ya jicho niliiona skrini. Shavu la kulia lilikuwa linazama kidogo kidogo, na kwenye jicho la upande huo ikabaki nukta moja ya mwanga. Mwigizaji hakubadilisha lolote. Alipumua vile vile, macho kwenye karatasi ile ile isiyoandikwa kitu. Lakini barua sasa ilikuwa na habari mbaya.

Nilikishika kitambaa kile kwa miezi saba. Kilinifundisha kwamba ukuta mweupe ni taa. Shati jeupe ni taa. Sakafu ya vigae ni taa, dari ni taa, hata gari lililoegeshwa nje ya dirisha ni taa jua likilipiga. Anayeingia chumbani akiuliza aweke wapi taa zake amechelewa, maana chumba tayari kimejaa taa ambazo hakuna aliyeziomba. Mzee yule alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kiti cha mwigizaji kabla ya kuwasha chochote. Ananyoosha mkono, anakunja ngumi, anaigeuza taratibu huku akivitazama vifundo vya vidole: upande upi unang'aa, kivuli kinaangukia wapi, kingo zake ni kali au zimefifia. Kisha anaanza kufunga. Pazia hili lishushwe, taa ile ya dari izimwe, kitambaa kikae pale. Kuna siku saa nzima ilipita akipunguza tu. Taa yetu ya kwanza iliwashwa chumba kikiwa karibu na giza, na kila ilichokigusa kilionekana kimechaguliwa.

Nilipopewa filamu fupi ya kwanza kuipiga mwenyewe, niliyasahau hayo yote. Hofu ndiyo iliyonisahaulisha. Niliogopa mtazamaji asione, niliogopa mwongozaji aseme nimemficha mwigizaji wake. Sini yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili usiku, mmoja amemdanganya mwenzake na sasa anakaribia kugunduliwa. Niliwapangia taa tatu kama nilivyosoma: taa kuu mbele kwa upande, taa ya kujazia upande wa pili ili kupunguza vivuli, na taa ya nyuma ya kuwatenga na ukuta. Kila kitu kilionekana. Nywele zilionekana, vifungo vya shati vilionekana, uongo ulionekana wazi kabla haujasemwa. Mhariri aliitazama mara moja, akasimamisha picha, akaniuliza, "Hii ni saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye muswada iliandikwa usiku, lakini ndani ya picha hapakuwa na saa. Taa zangu zilitoka mahali ambapo katika nyumba ya wale ndugu hapakuwa na kitu. Nani angekuwa ameiwasha ile taa ya nyuma? Hakuna. Ilikuwa yangu mimi, si yao.

Tangu hapo, kabla ya kugusa waya wowote, naandika jibu la maswali mawili kwa kila sini. Saa ngapi? Nani aliiwasha taa hii? Kama ni jua, liko upande gani na limepanda kiasi gani. Kama ni balbu, iko wapi chumbani, na kwa nini mhusika huyu ameiacha ikiwaka. Jibu la swali la pili limenipa hali ya sini mara nyingi kuliko maelezo yoyote ya mwongozaji. Mtu aliyewasha taa ya jikoni tu na kuacha sebule gizani tayari ameniambia jinsi usiku wake ulivyo. Baada ya majibu hayo, kila mwanga usio na mwenyewe ndani ya hadithi nauondoa, au naufanya mdogo kiasi kwamba hakuna atakayeuliza ni wa nani.

Sini ya ndugu wale tuliirudia. Nilibakiza taa moja ya mezani, ikiwa karibu na yule aliyedanganywa. Aliyedanganya alikaa mbali na meza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kukariri tu: mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Aliyekaa mita 1 kutoka kwenye balbu alikuwa na mwanga wake wote. Aliyekaa mita 2 alipata robo ya huo. Alipojivuta nyuma hadi mita 3 alibaki na sehemu moja ya tisa. Hakuna aliyegusa swichi. Mwigizaji alisukuma kiti nyuma kwa miguu yake mwenyewe, akajificha. Tulipoitazama usiku ule, mwongozaji alirudisha shoti hiyo mara nne bila kusema neno.

Hesabu hiyo ya umbali ndiyo ninayoitumia zaidi kuliko nyingine yoyote, na nashangaa jinsi inavyosahaulika. Niliwahi kupoteza saa mbili nikijaribu kuutia giza ukuta uliokuwa mita 2 nyuma ya mwigizaji. Nilitundika vitambaa, nikazungusha taa, ukuta ukabaki unang'aa. Msaidizi wangu akashauri tuisogeze taa kutoka mita 4 hadi mita 1 na kuipunguza nguvu. Ukuta ukaanguka papo hapo. Taa ikiwa mita 4 kutoka usoni, ukuta uko mita 6, na bado unapata karibu nusu ya mwanga wa uso. Taa ikiwa mita 1, ukuta uko mita 3, unapata sehemu moja ya tisa. Uso ule ule, mwangaza ule ule kwenye ngozi, lakini dunia iliyo nyuma yake imeondoka. Nikitaka mtu aonekane yuko peke yake, naisogeza taa karibu. Nikitaka aonekane ni mmoja wa watu wengi ndani ya chumba, naipeleka mbali.

Umbali huo huo ndio unaoamua ulaini wa kivuli. Jua ni kubwa mno, lakini kwa hapa tulipo ni duara dogo angani, na kivuli chake kina ukingo mkali. Wingu likilifunika, anga lote linakuwa taa, na vivuli vinayeyuka. Kwa hiyo kitambaa cheupe chenye upana wa mita 2, kikiwa karibu na uso na taa iko nyuma yake, ni kama anga lenye mawingu. Kirudishe nyuma mita 10, na mwanga wake unaanza kuwa mkali. Nimewasikia watu wakisema mwanga laini ni wa mapenzi na mwanga mkali ni wa hatari. Siamini. Mwanga laini unaotoka juu kabisa huyajaza matundu ya macho kwa kivuli, na hapo mtu mpole anakuwa wa kuogopwa. Mpigapicha Gordon Willis alifanya hivyo kwenye filamu ya The Godfather ya mwaka 1972: taa zilishuka kutoka juu, na macho ya mwigizaji Marlon Brando mara nyingi yakabaki gizani, hujui anawaza nini. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilikumbuka hofu yangu ya mtazamaji kutoona. Pale mtazamaji haoni, na ndiyo maana haondoi macho.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, la ngozi nyeusi.

Nilifundishwa kwamba mtu mweusi anahitaji mwanga zaidi. Niliamini, na kwa miaka miwili nilizipiga nyuso za watu kwa taa kali za mbele. Matokeo yalikuwa paji la uso linalowaka kama bati na mashavu ya kijivu yasiyo na uhai. Nikadhani kosa ni la kamera. Kwa sehemu lilikuwa na historia yake: kwa miongo mingi kadi ambazo kampuni ya filamu ya Kodak ilizisambaza kwa maabara ili wasafishaji wa picha wapatanishe rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na zikaitwa Shirley kwa jina la mmoja wa wanawake waliopigwa picha hizo. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyingine zote zikasafishwa kwa kumfuata yeye. Lakini kamera yangu ilikuwa ya kidijitali, mpya, yenye uwezo wa kutosha. Kosa lilikuwa la jicho langu lililofundishwa vibaya.

Aliyenifungua macho ni mwigizaji mmoja, mama wa makamo mwenye ngozi nyeusi sana. Tulikuwa tumepumzika, naye alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje. Mwanga haukumpiga usoni. Ulikuwa unapita upande wake, na anga jeupe la nje lilikuwa linaakisiwa kwenye shavu lake, kwenye mfupa wa taya, kwenye bega. Umbo lote la uso lilichorwa kwa mng'ao. Nilipima: mwanga uliokuwa ukimfikia ulikuwa mdogo kuliko ule niliokuwa nikimmwagia kwenye seti. Nikamwomba, "Mama, usiondoke hapo," nikaenda kuchukua kamera.

Ngozi nyeusi hunywa sehemu kubwa ya mwanga, ila uso wake unarudisha mng'ao kama maji ya jioni. Kwa hiyo swali langu si tena nimwagie mwanga kiasi gani, bali nimpe kitu gani cha kuakisi. Naweka kitambaa kikubwa cheupe pembeni, karibu na mstari wa bega, kwa pembe ambayo kamera inauona mwako wake kwenye ngozi. Kitambaa chenyewe hakihitaji nguvu nyingi, kinahitaji ukubwa. Namwomba mtu wa vipodozi aache poda, apake mafuta kidogo, maana poda inaua ule mng'ao ninaoutafuta. Namwomba mtu wa mavazi asinipe shati jeupe kabisa kama hakuna sababu. Nyuma ya mwigizaji natafuta ukuta wenye rangi iliyokoza, ili kamera isilazimike kuchagua kati ya ukuta na mtu. Na wakiwa wawili kwenye picha, mmoja mweusi sana na mwingine maji ya kunde, yule mweusi namweka karibu na chanzo cha mwanga. Hesabu ile ya umbali inafanya kazi yangu bila taa ya pili.

Nimeona filamu nyingi ambamo mtu mweusi usiku ni meno na macho tu. Inaniuma. Giza ni haki ya kila mhusika, lakini giza la kumficha mtu kwa makusudi ya hadithi na giza la mpigapicha asiyejua kazi ni vitu viwili, na mtazamaji anavitofautisha hata kama hana maneno ya kuvieleza.

Usiku wenyewe nao ulinisumbua. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuifanya kamera ipokee mwanga mdogo, nikitegemea picha itakuwa nyeusi. Ilikuwa matope. Hakukuwa na cheusi, kulikuwa na kijivu chenye chengachenga kilichotapakaa kila mahali. Nilikuja kuelewa kwamba jicho hupima giza kwa kulilinganisha na kitu kinachong'aa. Niliporudi kwenye kona ile ile na kuweka balbu moja ndogo mbali nyuma, kwenye dirisha la jirani, weusi wa mbele ukatulia ukawa weusi kweli. Sasa hakuna sini yangu ya usiku isiyo na angalau sehemu moja ya picha inayong'aa vya kutosha: ukingo wa sufuria, mstari chini ya mlango, kioo cha simu. Giza linahitaji shahidi.

Na rangi ya usiku si bluu kali. Nilimwaga bluu kwenye filamu zangu mbili za mwanzo mpaka watu wakaonekana kama wako chini ya maji. Katika mwanga hafifu jicho letu linapoteza rangi, haliziongezi. Siku hizi nazungumza na kamera kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: mshumaa uko karibu na 1,900, taa ya tungsteni, yaani balbu ya waya unaowaka, 3,200, jua la mchana karibu 5,600, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea bluu. Nikiiweka kamera kwenye 4,300, taa ya tungsteni ndani ya nyumba inakuwa ya njano ya kiasi, na mwanga wa mchana ninaoutumia kama mwezi unakuwa wa ubaridi wa kiasi. Hakuna unaopiga kelele. Orodha zinazosema bluu ni huzuni, nyekundu ni hasira, njano ni furaha, niliziacha. Msiba mzito kuliko yote niliowahi kuupiga niliuweka saa saba mchana, jua la dhahabu limejaa ua, nguo zimeanikwa kwenye kamba zikipepea. Mwongozaji alitaka mawingu. Nikamwambia jua halisimami kwa ajili ya mtu aliyefiwa, na hilo ndilo linalomuumiza. Akakubali tujaribu mara moja. Hatukupiga nyingine.

Jua halisimami hata kwa mpigapicha, nalo hilo nililipia. Linasogea nyuzi 15 kila saa. Sini ya kurasa tano tuliyoianza saa tatu asubuhi, na doa la jua likiwa kwenye goti la mwigizaji, tuliimaliza doa likiwa limevuka chumba na kupanda ukuta. Haikuunganika. Sasa dirisha nalifunika kwa kitambaa na kuweka taa yangu nje, na hilo ndilo jua hadi tumalize.

Usiku mwingine mzima ulipotea kwa sababu ya balbu mbili za LED nilizozifunga mezani bila kuzijaribu. Kwenye umeme wa hezi 50 balbu duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona mistari inayopanda. Mlango wa kamera unaopitisha mwanga ukiwekwa kufunguka kwa 1/50 ya sekunde mara nyingi mistari hutulia, lakini si kwa kila balbu. Jaribu kwanza.

Sikutegemea kwamba mwanga ungewabadilisha watu walio nyuma ya kamera pia. Chumba kikiwa na taa za kazi zinawaka, wafanyakazi huongea kwa sauti, huchekeana, huburuta masanduku. Zikizimwa, ikabaki taa moja ya sini, sauti zinashuka zenyewe. Kwa hiyo nazizima dakika kadhaa kabla mwigizaji hajaingia, si baada ya kuketi. Dada mmoja aliyekuwa na sini ya kuungama kosa kwa mama yake aliniambia baadaye kwamba alipoingia na kuona mwanga unafika mwisho wa meza tu, alijua hahitaji kusema kwa nguvu. Sikumwelekeza. Meza ilimwelekeza.

Pia najifunza kuacha nafasi kwa kile ambacho sikukipanga. Kuna shoti maarufu ya mpigapicha Conrad Hall kwenye filamu ya In Cold Blood ya mwaka 1967: mfungwa anasimama dirishani, nje mvua inanyesha, mwanga wa nje unapita kwenye kioo, na vivuli vya matone vinateremka usoni mwake kana kwamba analia. Ilitokea wakati wa kuandaa taa. Hall aliiona, akaitunza. Wengi husimulia kisa hicho kama bahati. Mimi naona kwamba taa ile ilikuwa mahali pake katika dunia ya yule mtu, nje ya dirisha lake, ndiyo maana mvua iliweza kupita mbele yake. Ingekuwa taa ya ndani, iliyowekwa kwa ajili ya kamera tu, matone yangeteremka kwenye kioo na yasingemfikia.

Filamu yangu ya hivi karibuni inaishia kwenye ukumbi wa nyumba. Mwanamume mzee amezoea kumwachia mkewe taa ya ukumbini kila anapochelewa kurudi. Mke amefariki, na taa imewaka wiki tatu bila mtu kuizima. Nilikuwa na balbu moja tu, ile ya ukumbini, na vitambaa vyeusi pande zote, hata chini. Mzee anasimama mbele ya swichi muda mrefu. Anazima. Tulikubaliana kamera iendelee gizani kwa sekunde 11, na tusikie hatua zake tu zikielekea chumbani.

Tulipoitazama, giza halikuwa tupu. Mwanga hafifu wa nje ulikuwa umepenya chini ya mlango mkubwa na kuushika mpini wa kitasa, mstari mwembamba usiozidi ukucha. Msaidizi wangu alikuwa ameshainuka na kitambaa kwenda kuuziba. Mwongozaji akanitazama. Nikauliza ni mwanga wa nani. Ulikuwa wa taa ya barabarani, ambayo ingekuwa pale usiku wowote, mke akiwapo au asiwepo. Nikamwambia msaidizi akae. Tukapiga tena mara mbili kwa ajili ya sauti ya hatua, na mpini ule hatukuugusa.